Fyuzi Namba Kumi na Nne

Nafanya kazi baina ya alfajiri na saa mbili asubuhi,
kabla jua halijauruka mlima wa Amarati.
Baada ya hapo chuma hakishikiki;
spana inang'ata kama mtoto anayeota meno.

Patrol hii ni ya mwaka tisini na saba.
Msellem aliinunua kwa mwalimu wa Kimisri aliyekuwa akirudi kwao,
wakabishania riyali hamsini mpaka adhana ya isha.
Leo dashibodi imepasuka mistari mitatu, kama kiganja,
usukani unanata,
na kitambaa cha dari kimeachia, kinanigusa utosi.
Nilikibana kwa pini za mitandio, pini ishirini na sita.

Aimen kasema, Mama, iuze chakavu.
Shaji wa sanaiya ya Wadi Kabiri akachungulia chini ya usukani,
akacheka kistaarabu:
riyali themanini, na hiyo ni kuanzia.
Themanini! Kwa themanini fundi ni mimi.

Kila nikifungua mlango wa nyuma
fyuzi namba kumi na nne inakufa.
Pa. Taa za breki, saa, redio, kimya.
Kuweka fyuzi nyingine ni kumkopesha mlevi.

Miaka thelathini na moja nilikuwa muuguzi, wodi ya watoto.
Mtoto anayelia hakwambii panapouma.
Unabonyeza. Hapa? Hapa?
Unamtazama uso.

Basi nikachomeka balbu ndogo pahala pa fyuzi:
ikiwaka, maradhi yamo;
ikizima, umeyagusa.
Nikachomoa redio. Inawaka.
Nikachomoa saa. Inawaka.
Nikazunguka nyuma, nikakunja ule mkonga wa mpira penye bawaba,
ikazima.

Kikulacho ki nguoni mwako; cha gari ki bawabani.
Waya wa kijani, umechubuka ngozi
kwa kufungua na kufunga:
magunia ya mchele, mbuzi wa Idi, baiskeli ya Aimen,
godoro letu la kwanza.
Yeye mwenyewe hakupita mlango huo.
Alichukuliwa na gari la watu.

Nikakata, nikasokota, nikatia risasi,
nikaviringisha utepe mweusi
kama tulivyofunga vidole: usilegee, usibane damu.

Zulia la mbele nilikuwa naling'oa kwa sababu ya vumbi tu.
Chini yake kokwa za tende, baisa hamsini,
na vidonge vya presha, saba, vyeupe,
vile alivyoniambia kameza.
Nilikaa pale kizingitini mwa gari.
Kisha nikavihesabu tena. Saba.
Mzee muongo wewe.

Ubao wa dari hutoka kwa mlango wa nyuma
ukiubembeleza, ukiuinamisha, ukiutukana kidogo.
Sponji yake imekuwa unga wa rangi ya bizari;
uliniingia puani, mikononi, kwenye chai.
Kitambaa nilikuwa nacho.
Mita nne, cheupe kinachoelekea maziwa,
alikinunua Ruwi mwezi wa Shaabani, cha kanzu ya Idi.
Fundi cherehani hakuwahi kumpima.

Nikapaka gundi, nikakilaza,
nikakinyoosha kwa kiganja toka katikati kwenda pembeni,
polepole, kama mgongo wa mtu mwenye homa.
Kona ya kulia pamebaki povu moja la hewa.
Nimelibonyeza, limerudi.
Nikaliacha na ubishi wake.

Sasa fyuzi inaishi, siku ya kumi na tisa leo.
Kioo cha abiria bado hupandishwa kwa mikono miwili na bismillahi.
Na kuna waya nimeukosea mahali,
kwani nikikata kushoto honi inalia.
Kushoto ndiko kwa Bi Ghaniya.
Anadhani namsalimia;
hutoka na kisu cha vitunguu mkononi, anapunga,
nami napunga.
Juzi kaniletea vitumbua.

Aimen anauliza, hiyo honi utaitengeneza lini?
Ijumaa, namwambia.
Sisemi ipi.